Makohozi hayajatoa jibu, sasa unaambiwa kamera: mwongozo kamili wa kupata sampuli ya TB ya mapafu

Swali linakuja kila mara, karibu kwa maneno yale yale: "Nakohoa zaidi ya mwezi, makohozi yamepimwa hayana kitu, eksirei ina doa, na sasa daktari anataka kuniingiza kamera. Nasikia kuna kuosha, kuna kukata kinyama, kuna kuchoma sindano. Ipi ni bora?" Wapo pia waliokwisha kuingia kamera, wakatoka koo linawauma na pesa imekwisha, na jibu bado halijulikani.

Mimi niko upande wa maabara, kwenye meza inayopokea vikopo. Kwa ninavyoona, bronkoskopi (ndiyo hiyo kamera ya mapafu) inayorudi bila jibu mara nyingi haikuangushwa na mashine. Makohozi ya mwanzo yalikuwa mate, kwa hiyo mgonjwa hakuhitaji kamera hata kidogo. Au pafu lilioshwa upande usio na ugonjwa. Au kinyama chote kilitumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, na maabara ya TB ikabaki mikono mitupu. Mwongozo huu unapita hatua hizo moja moja. Ni kwa mgonjwa na ndugu anayemsindikiza, ingawa nesi au daktari kijana akiusoma sitamzuia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majibu yote ya makohozi uliyokwisha kupima, hata yale yasiyo na kitu, na tarehe zake.
- Eksirei ya kifua, na picha ya CT kama ipo. Beba picha yenyewe au CD yake. Karatasi ya maelezo peke yake haitoshi.
- Orodha ya dawa zote unazotumia: za presha, kisukari, pumu, za kuyeyusha damu, dawa za VVU na za kienyeji.
- Majina ya antibayotiki ulizokunywa wiki za karibuni, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe duka la dawa. Nitaeleza sababu.
- Jibu la VVU. Linabadilisha vipimo vinavyofaa, kwa hiyo usilifiche kwa daktari.
- Vikopo vya makohozi vyenye mfuniko wa kuzungusha. Omba kituoni, wanavyo. Kopo la mafuta ya kujipaka lililooshwa halifai.
- Mtu mzima wa kukusindikiza siku ya kamera na kukurudisha nyumbani.
- Makadirio ya gharama kwa maandishi. Vipimo vya TB vya makohozi na dawa zake hutolewa bure kwenye vituo vya umma, lakini kamera ni hesabu nyingine. Uliza dirisha la malipo, na ulizia bima yako inabeba nini, kabla ya siku yenyewe.

## Hatua ya 1: Rudia makohozi, safari hii ipasavyo

Usiruke hatua hii hata kama umeshakata tamaa. Kamera ni kwa mtu ambaye makohozi yake yamekosekana, au yamepimwa vizuri na bado hayajatoa jibu.

Makohozi ya alfajiri ndiyo yenye vimelea vingi, kwa sababu uchafu wa mapafu umekusanyika usiku kucha. Ukiamka, kabla ya chai, sukutua mdomo kwa maji matupu. Usitumie dawa ya kusukutulia, maana inaua vijidudu tunavyovitafuta. Toka nje, simama penye upepo mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, iachie. Rudia mara mbili au tatu, kisha kohoa kutoka kifuani. Usikwangue koo.

Tunahitaji mililita 3 hadi 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Funga mfuniko vizuri, andika jina na tarehe kwenye mwili wa kikopo. Ukiandika kwenye mfuniko, siku mfuniko ukihama na jina lako linahama nalo.

Tahadhari: jua la Dar es Salaam ni adui wa sampuli. Joto huwazidishia nguvu bakteria wengine wa mdomoni, na miale ya jua huwaua wa TB. Kikopo kilichokaa juu ya dashibodi kutoka Mbagala hadi mjini kwenye foleni ya asubuhi kinafika kikiwa kimeharibika. Kiweke ndani ya mfuko, kivulini, kifike siku hiyo hiyo. Kikilazimika kulala, kilale kwenye friji ya kituo kwenye nyuzi 2 hadi 8, kamwe si kwenye friza.

Utajuaje umefaulu: ndani ya kikopo kuna kitu kizito, chenye utelezi, cha njano, kijani au chenye michirizi ya damu. Ukiona maji meupe yenye povu, hayo ni mate. Jaribu tena kabla hujayapeleka.

Kuhusu kipimo chenyewe, ulizia umepimwa kwa nini. Hadubini inahitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ili mpimaji avione. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vimelea, ikitumia kipimo cha Xpert Ultra inanasa hata chini ya 20. Kwa hiyo mtu aliyepimwa kwa hadubini tu na kuambiwa hana kitu, bado hajamaliza kupima. Hata wale panya buku wa APOPO waliofunzwa Morogoro, wenye sifa ya kunusa TB ambayo hadubini imeikosa, nao wanahitaji makohozi ya kweli mbele ya pua zao.

## Hatua ya 2: Omba makohozi ya mvuke kabla ya kamera

Kama kikohozi ni kikavu na hakuna kinachotoka, ipo njia ya katikati ambayo wengi hawaambiwi. Mgonjwa anavuta mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 3 au zaidi kupitia nebulaiza kwa dakika 15 hadi 20. Chumvi hiyo huvuta majimaji kwenye njia ya hewa na kuamsha kikohozi. Kabla yake hupewa salbutamoli, dawa ya kupanua njia ya hewa, kwa sababu chumvi inaweza kubana kifua.

Njia hii si ya mzaha. Mwaka 2000 watafiti wa Rio de Janeiro walichapisha ulinganisho wa makohozi ya mvuke na uoshaji wa mapafu kwa kamera kwa wagonjwa wale wale, na uwezo wa njia hizo mbili kugundua TB ukakaribiana. Ukitafakari tofauti ya bei, maandalizi na usumbufu, inashangaza kwamba watu wanapelekwa kamera moja kwa moja.

Tahadhari: si ya mwenye pumu iliyochachamaa, anayekohoa damu nyingi, au mwenye oksijeni ya chini. Ifanyike penye hewa inayopita vizuri, na mhudumu avae barakoa ya N95, maana kila kikohozi kinarusha vimelea hewani.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: makohozi ya mvuke huwa mepesi, yanafanana na mate. Nesi asipoandika kwenye fomu kwamba ni ya mvuke, maabara inaweza kuyakataa ikidhani umetema. Simama hapo mpaka uone yameandikwa.

Makundi mawili yana njia zao. Anayeishi na VVU ambaye amelazwa au yuko hoi apimwe mkojo kwa kipimo cha LAM, kinachotafuta mabaki ya vimelea vya TB. Jibu linatoka ndani ya nusu saa na linaweza kufanya kamera isihitajike. Mtoto mdogo asiyeweza kukohoa huchukuliwa kinyesi, au majimaji ya tumboni asubuhi kabla hajala, kwa ajili ya Xpert. Watoto humeza makohozi yao, kwa hiyo tunayafuata huko yalikokwenda.

## Hatua ya 3: Jua ugonjwa umekaa wapi

Makohozi yameshindwa, mvuke umeshindwa, au daktari ana wasiwasi na saratani. Sasa kamera ina sababu, na hapa ndipo swali la "mbinu ipi" linaanza kuwa na maana. Jibu lake liko kwenye picha.

TB ya mapafu kwa mtu mzima hupenda sehemu ya juu ya pafu na kilele cha sehemu ya chini. Lakini inaweza kuwa kwenye ukuta wa njia ya hewa yenyewe, au kwenye tezi za katikati ya kifua huku mapafu yakiwa safi, au kusambaa mapafu yote kama punje za uwele. Kila mahali pana mbinu yake.

Eksirei inaonyesha upande. Picha ya CT inaonyesha chumba, yaani kipande hasa cha pafu chenye ugonjwa. Kama uwezo upo, CT itangulie kamera, kwa sababu daktari anayejua chumba hahitaji kubahatisha. Uliza swali moja tu: "Daktari, utachukua sampuli sehemu gani ya pafu?" Akikuonyesha kwa kidole kwenye picha, mko pamoja. Akisema ataangalia akishaingia, mwombe mwangalie picha pamoja kwanza. TB nyingi iko mbali kuliko jicho la kamera linavyofika, na njia kubwa za hewa huonekana safi kabisa.

## Hatua ya 4: Linganisha mbinu

Hapa nitakaa kidogo. Kamera ni mrija mwembamba unaopinda, unaopita puani au mdomoni hadi kwenye mapafu. Peke yake haitambui TB. Inafungua tu mlango. Utambuzi unatokana na kile kinachopitishwa ndani ya mrija huo.

### Kusuuza njia ya hewa

Daktari anamwaga mililita 10 hadi 20 za maji ya chumvi ya hospitali kwenye njia ya hewa na kuyanyonya tena. Ni rahisi, haraka, na karibu kila anayeingia kamera husuuzwa.

Udhaifu wake ni kwamba maji yanaishia kwenye njia kubwa. Kama vimelea viko chini kwenye vifuko vya hewa, maji hayo hayavifikii. Mimi sikatai kusuuza, ila kukiwa ndiko kumefanyika peke yake na jibu likawa hakuna kitu, jibu hilo lina uzito mdogo.

### Kuosha vifuko vya hewa

Huku ndiko kuosha kwenyewe, na madaktari huita BAL. Ncha ya kamera inasukumwa mpaka inaziba mlango wa chumba kimoja cha pafu. Maji yanaingizwa kwa mafungu ya mililita 20 hadi 60, jumla ikivuka mililita 100, na kila fungu linanyonywa pole pole. Yakirudi asilimia 30 au zaidi, sampuli ni nzuri. Yakirudi kidogo, yameosha mrija tu.

Kwa doa la kawaida la sehemu ya juu ya pafu, hii ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote. Inafika mahali ugonjwa ulipo, haikati kitu, na maji yake yanatosha kwa vipimo kadhaa: Xpert, kuotesha vimelea, fangasi, na seli za saratani.

Lakini elewa kasoro yake. Mililita 100 za maji zinavitawanya vimelea vilivyokuwa vichache toka mwanzo. Ndiyo maana hadubini ya maji ya BAL mara nyingi haioni kitu hata kwa mtu mwenye TB. Fomu ikisema "hadubini" peke yake, kamera imepotezwa bure. Lazima iwe na Xpert Ultra na kuotesha.

Madhara ya kawaida ni oksijeni kushuka wakati wa kuosha, na homa ndogo jioni yake.

### Brashi

Brashi ndogo inasuguliwa kwenye ukuta wa njia ya hewa, kisha inapakwa kwenye kioo au kutikiswa ndani ya maji. Ina faida pale daktari anapoona kwa macho ukuta umevimba, una kidonda au umebana, yaani TB iliyoshika njia ya hewa yenyewe. Kwa ugonjwa wa ndani ya pafu inaongeza kidogo tu.

### Kinyama

Koleo dogo linapitishwa kwenye kamera na kumega vipande. Kama kidonda kinaonekana ukutani, vinamegwa hapo hapo. Kama ugonjwa uko ndani ya pafu, koleo linatoboa ukuta wa njia ndogo na kuchukua nyama ya pafu, kwa kawaida vipande 4 hadi 6.

Kinyama kinawapita wenzake katika hali mbili. Ya kwanza ni TB iliyosambaa kama punje, ambayo makohozi yake mara nyingi hayana vimelea kwa sababu ugonjwa haujafunguka kwenye njia ya hewa. Ya pili ni pale saratani inaposhukiwa, kwa kuwa mpatholojia anahitaji nyama aione. Pia kinaweza kutoa mwelekeo mapema: vinundu vyenye kiini kilichooza vikionekana, daktari ana sababu nzito ya kuanzisha dawa akisubiri kuotesha.

Gharama yake mwilini ni kubwa zaidi. Kutoboa pafu kunaweza kuvujisha damu, na hewa inaweza kutoroka nje ya pafu na kulibana. Takwimu zinazotajwa sana kwa hilo la pili ni kati ya mtu 1 na 6 kwa kila 100 waliokatwa kinyama cha ndani. Baada yake lazima upigwe eksirei kabla ya kwenda nyumbani.

Tena, vinundu peke yake si cheti cha TB. Fangasi na ugonjwa wa sakoidosi navyo hufanya vinundu. Na kwa mtu ambaye VVU imeshusha sana kinga yake, TB inaweza kuwepo bila vinundu vizuri.

### Sindano kwenye tezi

Mapafu yakiwa safi na tezi za katikati ya kifua zimevimba, kuosha hakusaidii sana, kwani ugonjwa uko nje ya ukuta wa njia ya hewa. Hapo inatumika kamera maalumu yenye altrasaundi kwenye ncha: daktari anaiona tezi kwenye skrini na kuichoma sindano kupitia ukutani. Ni salama kuliko kinyama cha pafu na inatenganisha TB, saratani na sakoidosi. Kifaa chake ni ghali na hakipo kila penye kamera, kwa hiyo ulizia kabla hujapanga safari.

### Makohozi ya baada ya kamera

Mbinu ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kamera na maji yake huchokoza mapafu, na kwa siku moja inayofuata watu ambao hawakuwahi kutoa makohozi hutoa ya kutosha. Wapo ambao TB yao imeonekana kwenye kikopo hiki tu, huku BAL ikiwa haina kitu. Omba vikopo viwili kabla hujatoka hospitali.

### Kwa hiyo ipi?

Kwa doa la kawaida: BAL ya chumba chenye doa, Xpert Ultra, kuotesha, na makohozi ya baada ya kamera. Ongeza kinyama kama picha ni ya punje au saratani haijaondolewa akilini. Ongeza brashi na kinyama cha ukutani kama ukuta una kidonda. Kwa tezi, sindano. Kuchanganya mbinu mbili katika kikao kimoja ni bora kuliko kurudi mara ya pili, mradi mwili unahimili.

## Hatua ya 5: Jiandae siku za kabla

Antibayotiki kwanza. Siprofloksasini, levofloksasini na ndugu zake hupunguza nguvu vimelea vya TB bila kuvimaliza. Mgonjwa anapata nafuu ya wiki mbili, vipimo vinakuwa havina kitu, kisha kikohozi kinarudi. Kama umezinywa, sema, ili daktari aamue kusubiri au kuendelea.

Dawa za kuyeyusha damu kama warfarini na klopidogreli husimamishwa siku kadhaa kabla ya kukata kinyama. Usizisimamishe kwa ushauri wa jirani, hasa kama una chuma kwenye mshipa wa moyo. Daktari wa kamera na daktari wa moyo wazungumze. Aspirini mara nyingi huendelea.

Kipimo cha damu kionyeshe wingi wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Zikiwa chini ya 50,000, kinyama kwa kawaida huahirishwa, na BAL inaweza kufanyika bila kukata. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya wiki 4 hadi 6 zilizopita, au ambaye oksijeni haifiki asilimia 90 hata akisaidiwa, ni wa kuahirishwa vilevile kama hakuna dharura.

Kufunga kula: saa 6 bila chakula ni kanuni inayotumika kwingi. Miadi ikiwa saa 3 asubuhi, usile tangu usiku. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Maji matupu vituo vingi huruhusu mpaka saa 2 kabla, lakini fuata ulichoambiwa na kituo chako. Mwezi wa Ramadhani kuna mtego: aliyekula daku saa 10 alfajiri hajafikisha saa 6 ifikapo saa 3 asubuhi. Sema ukweli mlangoni. Chakula kikipanda kutoka tumboni ukiwa umelegezwa kwa dawa, kinaingia mapafuni.

Jingine: anayeshukiwa TB huwekwa mwisho kwenye orodha ya siku, ili chumba kipumue na mashine isafishwe kabla ya mgonjwa mwingine. Si kwamba umedharauliwa. Uliza mapema zamu yako ni saa ngapi, uhesabu kufunga kwako kutokea hapo. Mwenye kisukari awaambie, sindano yake ya asubuhi inahitaji mpango.

## Hatua ya 6: Ndani ya chumba

Utasaini fomu ya ridhaa. Isome, na uangalie kama kinyama kimetajwa. Kama mlikubaliana kuosha tu, fomu iseme hivyo.

Utapuliziwa lidokaini kooni. Ni chungu, ulimi unakufa ganzi, unahisi huwezi kumeza. Unaweza, na unapumua kama kawaida. Wengi hupewa pia dawa ya kulegeza mwili kupitia mshipa. Kidoleni watakuwekea kipimo cha oksijeni, puani mrija wa hewa.

Pumua taratibu. Ukitaka kukohoa, kohoa, ila usishike mrija. Kubalianeni ishara ya mkono ya kusema "subiri", kwa sababu hutaweza kuongea.

Utajuaje umefaulu: muulize nesi, au msindikizaji wako aulize, maji yaliyorudi ni kiasi gani na yametoka chumba kipi. Majibu hayo mawili yaandikwe kwenye taarifa.

## Hatua ya 7: Fuatilia vikopo

Kama ningepewa nafasi ya kusisitiza hatua moja tu, ningechagua hii. Kazi yote ya daktari inaweza kuharibika kwenye trei.

Kinyama kigawanywe. Vipande vya mpatholojia viende kwenye fomalini. Angalau kimoja au viwili viende kwenye maji ya chumvi safi, bila fomalini, kwa ajili ya Xpert na kuotesha. Fomalini inaua vimelea, na kilichokufa hakioti. Hili linaamuliwa kabla ya kamera kuingia, kwa sababu chupa za fomalini ndizo huwa tayari mezani na mkono huzoea zilipo.

Maji ya BAL yaende kwenye chombo safi cha kufunga, yafike maabara siku hiyo hiyo. Kuotesha hufanywa na maabara zenye uwezo huo, mojawapo ikiwa Maabara Kuu ya Rejea ya Kifua Kikuu hapa Dar es Salaam, kwa hiyo sampuli yako inaweza kusafiri kutoka hospitali moja hadi nyingine. Msindikizaji aulize: inaondoka leo au kesho, na inalala wapi?

Kwenye fomu pawepo: aina ya sampuli, chumba cha pafu, hali ya VVU, kama uliwahi kutibiwa TB, antibayotiki za karibuni, na vipimo vinavyoombwa kwa majina. Namba ya simu iwe ya mtu anayepokea.

## Hatua ya 8: Saa 24 zinazofuata

Usile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe, kwa kawaida saa 1 hadi 2. Anza na funda moja la maji. Likipita bila kukupalia, endelea.

Usiendeshe gari wala bodaboda mpaka kesho yake kama ulipewa dawa ya kulegeza. Panda gari na msindikizaji, vaa barakoa, fungua dirisha.

Kusanya makohozi: ya kwanza utakapoanza kukohoa, ya pili alfajiri. Andika kwenye kikopo "baada ya kamera".

Michirizi ya damu baada ya kinyama au brashi hutarajiwa. Homa ndogo baada ya BAL huja na kuondoka ndani ya siku moja.

Rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona:

- maumivu makali ya ghafla ya kifua pamoja na kukosa pumzi;
- damu tupu inayotoka kwa vijiko, si michirizi;
- homa iliyovuka siku moja, au kutetemeka;
- midomo kuwa ya bluu, au kuchanganyikiwa.

Mwambie anayekupokea neno la kwanza kabisa: "Nimetoka kukatwa kinyama cha pafu." Itamwokolea muda wa kubuni.

## Hatua ya 9: Kusoma majibu

Yanakuja kwa mafungu, na wengi wanakosea kwa kuchukua la kwanza na kupotea.

Xpert inaweza kutoka siku hiyo hiyo au kesho yake. Ikionyesha vimelea, inaonyesha pia kama vina usugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Xpert Ultra wakati mwingine huandika kwamba imenasa chembe kidogo mno. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa TB, hizo zinaweza kuwa mabaki ya vimelea vilivyokufa. Kwa mwenye VVU au mtoto huchukuliwa kwa uzito. Daktari ndiye wa kuamua.

Jibu la patholojia hufuata. Kuotesha ndiko kunakochelewa: kwenye chupa za majimaji husubiriwa hadi siku 42, kwenye chakula kigumu hadi wiki 8. Kuotesha kunahitaji vimelea 10 hadi 100 tu kwa mililita, na vikiota vinaweza kupimwa dawa nyingi zaidi ya rifampisini.

Vyote vikiwa havina kitu, TB haijafutika. Daktari anaweza kuanzisha dawa kwa kuangalia picha na dalili, na hilo linakubalika katika miongozo. Muulize tu anategemea nini, na ataangalia nini baada ya miezi miwili kujua kama alikuwa sahihi.

Kinyume chake kipo pia, ingawa hakisemwi sana. Kamera iliyosafishwa vibaya inaweza kubeba vimelea vya mgonjwa wa jana. Jibu la kuotesha lenye vimelea vichache, kwa mtu mwenye hali nzuri na picha isiyofanana na TB, linastahili kuulizwa: nani alitangulia kwenye mashine hiyo?

Ukianzishiwa dawa kabla ya kuotesha kukamilika, bado rudi kuchukua jibu lile. Kliniki ya TB unayochukulia dawa Temeke au Mwananyamala inaweza isijue kwamba lipo kwingine. Mpe mratibu wa TB wa kliniki yako namba ya sampuli na jina la hospitali iliyofanya kamera. Vimelea vikigundulika kuwa na usugu, dawa zinabadilishwa, na kila wiki unayoendelea na dawa zisizofaa inavizidishia nguvu.

Walio nyumbani nao waende kupimwa siku jibu linapothibitika, watoto chini ya miaka 5 wakitangulia. Wakubwa waanze na Hatua ya 1, na watoto wasioweza kukohoa na njia zao za Hatua ya 2, si kamera.